Mitalawanda ya Bi Hidaya

Ka. Kimya kidogo. Kisha ka ya pili, nzito kuliko ya kwanza.

Sauti hiyo ilinijia Jumanne mchana kutoka ndani ya simu, nyuma ya maneno ya ami yangu Nassor, mdogo wa marehemu baba, aliyekuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Mwenyewe alizungumza kwa furaha. Alisema chumba cha chini cha nyumba yetu ya Mji Mkongwe kimekwisha kupakwa chokaa. Kwamba Ijumaa, baada ya sala, watu wataanza kukaribishwa kutazama vitu vya wazee wetu. Na kwamba mimi, "msomi wetu", niharakishe kuandika vikadi vya maelezo, nije navyo kwa boti ya Ijumaa asubuhi. Akavitaja vitu kimoja kimoja: sanduku la njumu, dele la shaba la kahawa, mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, jambia la babu yake Babu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefagia huku anazungumza, "Na haya madude ya msalani nayatia kwenye boksi la kutupa." Ndipo niliposikia: ka. Na tena: ka.

Niliurudia ujumbe ule mara kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu ninapoogopa huhesabu. Mara ya kwanza niliiweka kalamu mezani. Mara ya nne nilijiambia huenda ni mbao za dirisha. Mara ya saba nilijifungia chumbani, nikaufunga na ubongo wangu kwa kila kitu kingine, nikasikiliza muda uliopita baina ya mlio mmoja na wa pili. Nipo bara, nasomea shahada ya uzamili katika uhifadhi wa vitu vya kale, na nimefundishwa kutokiamini ninachokitamani wala ninachokihofia mpaka nikithibitishe. Lakini sikio langu halikuhitaji uthibitisho. Mti ukiangukia sakafu ya chokaa hulia kwa namna moja. Mti wa mtalawanda, uliokaushwa na miaka zaidi ya mia na kulainishwa na nyayo za wanawake wanne, hulia kwa namna yake peke yake.

Nawaeleza nyinyi mnaosoma kabla sijamweleza mtu yeyote wa nyumbani, kwa sababu nyinyi hamtaniambia ninyamaze.

Mara ya kwanza kuisikia sauti ile nilikuwa na miaka sita, na ilikuwa asubuhi ya Idi. Nyumba nzima ilinuka udi, samli na nguo mpya ambazo hazijapata kufuliwa. Nilikuwa nimekaa ukumbini nikingoja kuvalishwa viatu, mara juu ya ngazi kukasikika ka, ka, ka, polepole, kama kitu kisicho na haraka kwa sababu kinajua hakuna wa kukizuia. Kwa akili ya umri ule nilikata shauri kwamba ni shetani. Niliingia nyuma ya sanduku la njumu, nikajifunika busati, nikaanza kusoma sura fupi nilizozijua, nikazichanganya zote. Nilipochungulia niliona miguu miwili, imepakwa hina mpaka kwenye vifundo, imesimama juu ya vibao vya mti. Ilikuwa miguu ya Bibi, mama yake baba, Bi Raya.

"Toka, mwanangu," alisema. "Shetani havai mitalawanda. Shetani hunyata."

Mitalawanda, kwa msiyoipata kuiona, ni viatu vya mti. Ni kibao kilichochongwa kwa umbo la unyayo, kina visigino viwili chini, kimoja mbele na kimoja nyuma, na juu yake kijiti kifupi kinachoitwa msuruaki, ambacho mvaaji hukibana kwa kidole gumba na cha pili. Hakuna kamba wala ngozi. Mtu hutembea kwa kukishika kijiti kwa vidole, na asiyezoea huanguka. Jozi ya Bibi ilikuwa na misuruaki yenye vichwa kama vichomozo vya karafuu, na kibao cha kushoto kilikuwa na kishimo cha kisigino kirefu kuliko cha kulia. Leo ningeandika kuwa mvaaji wa kwanza huenda alikuwa na mguu wa kulia ulioumia, akiuelemea wa kushoto. Wakati ule nilitia kidole changu kwenye kishimo kile, nikahisi kina joto.

Nyumba yetu ilikuwa na ngazi mbili, na bila ya ngazi hizo hamtaelewa kitu. Ngazi ya mbele ilikuwa pana, ikishuka kutoka vyumba vya juu, ikapita ukumbini, ikafika mlango mkubwa wa barabarani. Ngazi ya nyuma ilikuwa nyembamba na ya giza, ikitoka jikoni kwenda uani, kwenye birika la maji. Siku zangu hakuna aliyeitumia ila sisi watoto tulipocheza kibe, mchezo wa kujificha. Ilikuwa na baridi, na mawe yake yamebonyea katikati. Nilidhani yamebonyezwa na mvua.

Bibi alinisimulia habari za mitalawanda ile kidogokidogo, kama anavyolishwa mtoto anayetoka kwenye homa. Ilikuwa mali ya bibi yake yeye, Bi Hidaya. Bi Hidaya aliletwa nyumba ile akiwa mtoto, ametolewa zawadi na mtu kumpa mtu, na jina lake akapewa kwa sababu hiyo. Alikuwa akiteka maji. Alipanda kwa ngazi ya nyuma, mtungi kichwani, miguu mitupu, kwa sababu mtumwa hakuvaa kiatu mbele ya wenye nyumba. Alipopata uhuru wake alihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji, akawa anasuka mikeka, na kitu cha kwanza alichomwagiza fundi amchongee hakikuwa kitanda wala mlango. Kilikuwa mitalawanda. Siku ya Idi akarudi kuwaamkia mabwana wa zamani, kama ilivyokuwa desturi, lakini akaingia kwa mlango wa mbele, akapanda ngazi ya mbele na viatu vyake miguuni, kila kidato kikitangaza. Akakaa, akanywa kahawa yake, akashuka kwa mlio uleule.

"Hawakumfukuza?" nilimuuliza Bibi.

"Wangemfukuza kwa kosa gani? Kwa kuwa anasikika?"

Akafanya hivyo kila Idi mpaka alipofariki. Jinsi mjukuu wake Raya alivyokuja kuolewa na mwana wa nyumba ile ile ni kisa kirefu, na Bibi alikuwa akikifupisha kwa sentensi moja: "Babu yako aliisikia mitalawanda kabla hajaniona mimi."

Hapo ndipo ilipoanza mila yetu, na sijapata kuisikia kwa watu wengine. Msichana wa nyumba ile akishahitimu Kurani, Bibi alimvisha mitalawanda juu ya ngazi ya mbele. Wanawake wakakusanyika chini. Msichana akishuka, mmoja wao alimuuliza, "Nani huyo?" Naye ajibu, "Mjukuu wa Hidaya, nateremka kwa ngazi ya mbele." Na wale wa chini, hata kama masikio yao yanauma kwa kelele, lazima waseme, "Kanyaga, hatukusikii!" Basi anakanyaga zaidi. Shangazi yangu Zuwena, kitinda mimba wa Bibi, alipoteremka zamu yake, inasemekana alipasua pembe ya kidato cha tatu. Pembe ile ilikuwepo, nimeipima. Siwezi kuapa kwamba ni yeye.

Sasa niwaeleze siku niliyoharibu mambo, au niliyodhani kwa miaka mingi kwamba niliyaharibu.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimehitimu siku kumi na moja kabla. Nilikuwa nikingoja zamu yangu kwa uchu usio na adabu. Lakini nyumba ilikuwa imeshughulika na jambo kubwa zaidi: Shangazi Zuwena alikuwa ameposwa. Watu wa upande wa kijana walikuwa watu wa nasaba, wa wale wanaoweza kukutajia babu wa saba bila ya kuvuta pumzi, na kina mama wao walikuwa wanakuja kumtazama mchumba na kuitazama nyumba. Babu alikwisha fariki, baba alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo Ami Nassor ndiye aliyesimamia kila kitu. Alikuwa kijana bado, na alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Alisugua dele la shaba mwenyewe. Akalileta sanduku la njumu mbele ya mlango ili wageni waone misumari yake kabla ya kumwona mtu. Na asubuhi ile nilimwona akiichukua mitalawanda kutoka mahali pake, chini ya kitanda cha Bibi, akaipeleka msalani juu, akaiweka kando ya ndoo.

"Leo iwe ya kuogea," alimwambia Bibi. "Akiuliza mtu, ni ya msalani."

Bibi alikuwa akijipaka wanja. Akahamia jicho la pili. Nami nilielewa nusu tu: nilielewa kwamba mitalawanda imehamishwa, sikuelewa kwamba imefichwa. Baina ya maneno hayo mawili ndipo lilipozaliwa kosa langu.

Kwa maana Bibi alikuwa amenifundisha kanuni moja, na mimi mtoto wa kanuni. Alikuwa akisema, "Mtalawanda hautembezwi katika nyumba tupu." Nilifikiri kwa mpangilio mzuri kabisa. Nimehitimu. Mitalawanda imetolewa chini ya kitanda. Nyumba leo imejaa wanawake kuliko Idi. Basi leo ndiyo siku yangu, na wakubwa wanataka kunishtukiza. Niliingia msalani, nikaifuta mitalawanda kwa kanga yangu, nikavaa.

Ukumbini kulikuwa na wageni saba. Harufu ya kahawa na hiliki ilikuwa imepanda mpaka nilipokuwa. Shangazi Zuwena alikuwa amesimama chini ya ngazi na sinia la sharubati ya zabibu, gilasi kumi na mbili, uso umeinama kama ilivyotakiwa. Nikakanyaga kidato cha kwanza. Ka. Mazungumzo yakapungua. Cha pili. Ka. Shangazi aliinua macho, akaniona miguu, na bila ya kutikisa gilasi hata moja akasema kwa midomo mitupu, "Salma. Rudi."

Ningerudi. Nadhani ningerudi. Lakini mgeni mkubwa, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupendeza aliyeitwa Bi Thuraya, aligeuza shingo, akacheka kidogo, akasema, "Nani huyo?"

Alikuwa ameniuliza swali lenyewe! Nilijaza kifua, nikakanyaga vidato viwili vingine.

"Mjukuu wa Hidaya," nikasema kwa sauti ya chuo cha Kurani, "nateremka kwa ngazi ya mbele!"

Hakuna aliyesema kanyaga.

"Mashaallah, sauti," Bi Thuraya alisema. "Na Hidaya ndiye nani, mwanangu?"

"Bibi yake Bibi. Alikuwa akiteka maji ya nyumba hii. Akipita kwa nyuma, bila ya viatu, hakuruhusiwa."

"Hakuruhusiwa na nani?"

"Na wenye nyumba."

"Na hao wenye nyumba ndio kina nani?"

Nilimshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo kama hilo. "Ndio sisi," nikasema.

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi kuliko jibu lolote nililowahi kuandika katika mtihani, na mpaka leo sijapata la kulirekebisha. Lakini siku ile niliona tu kijiko kikisimama ndani ya kikombe cha mtu. Mgeni mmoja aliivuta buibui yake karibu na magoti, kana kwamba sakafu ina maji. Ami Nassor alikuwa mlangoni. Alikuwa amekaa barazani na wanaume na aliusikia mlio.

"Mtoto huyu ana homa," alisema. "Tangu jana anaropokwa. Msimsikilize."

"Hana homa," alisema Bibi kutoka kwenye mto wake. Alizungumza kwa utulivu kama mtu anayesahihisha hesabu ya mayai. "Hata chembe. Kasema kweli tupu, tena kwa matamshi mazuri. Bi Thuraya, halua mmeionja? Onjeni, kahawa inapoa."

Waliionja. Mtu hawezi kuikataa halua ya nyumba aliyoingia kwa salama. Lakini waliondoka kabla ya alasiri, na mlango ulipofungwa Ami Nassor alinivua mitalawanda miguuni mwangu, mmoja mmoja, akaivurumisha chini ya ngazi ya nyuma. Ka. Ka. Msuruaki wa kushoto ukavunjika.

"Mama, umefurahi sasa?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Umemuuza binti yako kwa vipande viwili vya kuni."

"Vipande vya kuni visingekutisha hivyo," Bibi alimjibu.

Shangazi Zuwena aliliweka sinia chini. Gilasi zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa pomoni, hata tone halikumwagika. Nakumbuka nilimwogopa kwa hilo kuliko nilivyomwogopa Ami na ghadhabu zake.

Bibi alichonga msuruaki mpya kwa kijiti cha mkarafuu, akaugundisha, na kichwa chake akakifanya kikubwa kuliko cha mwenziwe, kwa makusudi nadhani. Mimi sikuteremka tena. Nilikuwa nimefika kidato cha nne kati ya kumi na sita, na nikabaki hapo. Posa ilikufa. Shangazi Zuwena hakuolewa na kijana yule wala na mwengine. Alihamia Mwanakwerekwe, akafungua duka la kushona karibu na soko, akawa mtu wa kuamka mapema na kutojieleza. Kila Idi nilikwenda kumwamkia. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akanipa kashata, nami nikaondoka kabla sijatafuna. Nilikuwa nimemvunjia maisha yake kwa vidato vinne. Nilihesabu hivyo kwa miaka kumi na minne.

Kisha Bibi, katika mwaka wake wa mwisho, alinipasulia hesabu yangu mbele ya macho yangu. Nilikuwa nikimkanda miguu, ile miguu ya hina. Nilimwambia kwamba najuta. Aliuliza najuta nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka nikalazimika kumpa maji.

"Kumbe hakuna aliyekwambia? Walirudi, mwanangu."

"Nani?"

"Thuraya na nduguye. Baada ya wiki mbili. Wakasema kijana kampenda Zuwena, hali wala halali usingizi, na wao hawana neno. Wanataka tuseme kitu kimoja tu. Tuseme mtoto kakosea, Hidaya alikuwa mtumishi wa watu, si damu yetu. Mbele yao tu, ati, halitoki nje. Nassor akaniangalia kama mwenye kiu."

"Ukasemaje?"

"Mimi? Nilinyamaza. Si mimi niliyekuwa naolewa. Zuwena akainuka, akapanda juu. Nikasema moyoni, haya, kenda kulia, na ana haki. Mara nasikia: ka." Bibi alifumba macho. "Gundi ya msuruaki haijakauka vizuri, nami moyo juu, nasema ataanguka huyu tufedheheke mara mbili. Hakuanguka. Kateremka vidato vyote kumi na sita, kawaamkia, kawaaga, kawafungulia mlango wa mbele. Mlango wenyewe mzito, unaujua. Kaufungua peke yake."

Hayo ndiyo niliyoyajua Jumanne nilipousikia ule mlio ndani ya simu. Ndiyo maana niliurudia mara kumi na moja.

Kwenye kundi la familia watu walikwisha kujibu. Mashaallah, kazi nzuri, maua, mioyo. Jina la Shangazi Zuwena halikuwemo kati yao. Nilimwandikia Ami pembeni, kwa adabu, nikimweleza kuwa mitalawanda ile si madude ya msalani na kwamba naomba iwe na kikadi chake. Alinijibu kwa upole. Ami si mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Ni yeye aliyenibeba begani kwenda kutazama ngoma, ni yeye aliyenisindikiza bandarini nilipokuja kusoma. Aliandika: "Mwanangu, wageni hawaji kutazama msala wetu. Tusiutie ukoo aibu." Kisha akanitumia picha ya ukuta wa chumba, ambapo fundi alikuwa amekwisha kuandika kwa rangi ya kijani maneno aliyoyachagua yeye: Mwacha asili ni mtumwa.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Nilitambua kwamba Ami hadanganyi. Uongo aliousema mwenyewe asubuhi moja, akiwa kijana mwenye hofu, ulikuwa umekaa kando ya ndoo miaka ishirini mpaka ukageuka kumbukumbu yake. Anaamini kwa dhati kwamba mitalawanda ile ni ya msalani. Na juu ya ukuta ameandika methali ya kumlaani mwacha asili, na chini yake, ndani ya boksi, ameitia asili yenyewe.

Nilikwisha kuandika vikadi vinne. Sanduku, dele, mrashi, jambia: jina, umbile, hali, mwenyewe. Havikunitoa jasho. Lakini nilipovisoma pamoja niliona kitu ambacho mwalimu wangu hakunifundisha. Kila kimoja cha vitu vile kililetwa na mtu mwengine. Sanduku lilibebwa, dele lilisuguliwa, mrashi ulijazwa maji. Na maji yale yalipanda kwa ngazi ya nyuma. Mawe yale hayakubonyezwa na mvua.

Siku ya Jumatano niliandika kikadi cha tano mara tisa. Nilijiuliza kama nina haki. Nilijiuliza kama namtetea Bi Hidaya au najitetea mwenyewe. Kama ni ushujaa au ni ukaidi wa mtoto aliyekatizwa kwenye kidato cha nne. Kama Ijumaa itakuwa siku ya heshima au ya kumwaibisha ami yangu mbele ya watu. Nilijiuliza, zaidi ya yote, siri hii ni ya nani. Na hapo kila mara nilifika kwa mtu mmoja. Mimi niliyasema maneno yale bure, kwa kutojua. Yupo aliyeyasema kwa nyayo zake akijua bei yake, akailipa. Sikuweza kuyaandika ukutani bila ya kumuuliza.

Alhamisi baada ya adhuhuri kikadi kilikuwa kimekamilika, na sitakibadilisha, aniruhusu mtu au asiniruhusu: *Mitalawanda. Mti wa mtalawanda; msuruaki wa kushoto ni wa mkarafuu. Ya Bi Hidaya, aliyeletwa nyumba hii akiwa zawadi, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, na akarudi kila Idi ili asikike. Sisi ni wajukuu zake. Sisi pia ni wajukuu wa waliomkataza viatu.*

Niliandika kwenye karatasi mambo ya kumwambia Shangazi, kwa mpango: salamu, hali yake, radhi yangu, boksi, kikadi, ruhusa. Niliyasoma mara mbili. Nikavua viatu, sijui kwa nini. Nikapiga.

Iliita mara nne. Nyuma ya kuitika kwake nilisikia cherehani, na kelele za soko la Mwanakwerekwe, mtu akinadi ndimu. Nilikuwa nimesahau kwamba laini yangu ni ya huku bara, na kwamba hakuwa nayo nambari.

"Haloo," alisema Shangazi Zuwena. "Nani huyo?"

Karatasi ilikuwa mkononi. Neno la kwanza juu yake lilikuwa shikamoo. Sikulisoma.

"Mjukuu wa Hidaya," nikasema. "Nateremka kwa ngazi ya mbele."

Cherehani ilinyamaza. Muuza ndimu aliendelea. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Kanyaga," alisema. "Sikusikii."

Nikarudia, kwa sauti iliyomtoa jirani yangu chumbani kwake kuja kuangalia nimepatwa na nini.

"Naam," alisema Shangazi. "Sasa nimekusikia. Siku tatu nangoja nione nani kati yenu atapiga." Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani, na funguo. "Nnafunga duka. Nnakwenda kulitoa hilo boksi, na Nassor asimame mbele yangu kama anaweza. Wewe ukishuka boti kesho, njoo moja kwa moja. Una vidato kumi na viwili bado."